Kabla ya Kutuma Mashine ya Kukata Ua Nyumbani Nairobi

Mvua za Machi hadi Mei zikipita, ua wa kayaba, ule mmea wa miiba unaozungushiwa nyumba, huwa umerefuka mpaka umeanza kula njia. Ndipo simu inapokuja: mzee analalamika kwamba kijana wa bustani anaushambulia kwa panga wiki nzima na bado uko vilevile. Wewe uko Leicester, Doha au Minneapolis, na dukani umeiona mashine ya betri inayomaliza kazi hiyo asubuhi moja. Itume. Haina moshi, haihitaji petroli ya kuchanganya na oili, wala haiburuti waya wa umeme nyuma yake. Lakini jambo moja lisikutoke akilini: atakayeishika ni mtu mwingine, na kijitabu cha maelezo kilichomo kwenye boksi huenda kisifunguliwe kamwe. Maelezo lazima yatoke kwako.

Anza na chaja, kwa sababu hapo ndipo pesa huteketea kwanza. Umeme wa Kenya ni volti 240, wa Marekani na Kanada ni 120. Geuza chaja usome maandishi madogo mgongoni. Ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, usiipeleke. Nunua betri na mashine ya kampuni ambayo chaja yake ya volti 240 inapatikana Nairobi. Anayenunua Uingereza au nchi za Ghuba kama Falme za Kiarabu na Qatar hana shida hiyo, hata plagi ni ileile ya miguu mitatu ya bapa.

Kwenye ndege, mashine husafiri kwenye mzigo wa chini, meno yakiwa ndani ya kifuniko chake na betri ikiwa imetolewa. Betri ya akiba huruhusiwi kuiweka huko; unaibeba mkononi, ncha zake zimezibwa kwa selotepu. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa: betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ni wati-saa 90, nayo hupita. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege, na huwezi kubeba zaidi ya mbili za akiba. Ikizidi 160, ndege ya abiria haiichukui. Zile mashine kubwa za volti 56 ndizo huwaaibisha watu uwanjani.

Ndani ya boksi hilohilo tia miwani ya kinga, glavu za ngozi na, kama uzito unaruhusu, buti ngumu. Mimi ningepunguza zawadi nyingine zote kabla ya kuiacha miwani. Kayaba ina miiba mirefu na migumu, na mashine huirusha vipande vipande usawa wa uso. Suruali iwe ndefu na shati lisiwe la kupepea. Mikono ya sweta iliyolegea hunaswa na meno.

Sasa ua wenyewe. Nyua nyingi za zamani Nairobi zimemeza seng'enge. Mtu alizungusha waya miaka mingi iliyopita, akapanda kayaba kando yake, na leo waya umo katikati ya matawi, umeshika kutu, hauonekani. Meno ya mashine yakiuma waya huo, hupinda au hurusha kipande. Kwa hiyo kabla ya kuwasha chochote, kijana atembee urefu wote wa ua akipenya kwa fimbo na kuangalia ndani, pande zote mbili, na kila penye waya afunge kitambaa chekundu. Sehemu hizo zitakatwa kwa mkasi wa mkono. Katika upekuzi huohuo atagundua nyuki au mavu kama wapo. Akiona wanaingia na kutoka mahali pamoja, kazi isimame siku hiyo, aitwe mtu anayejua kuwahamisha.

Kama juu ya ua au ukuta pamepita fensi ya umeme, izimwe kwenye kisanduku chake, na anayeizima abaki na ufunguo mfukoni mpaka kazi iishe. Nyaya za umeme zinazoingia nyumbani kutoka kwenye nguzo ni habari nyingine kabisa: matawi yaliyozifikia yasiguswe, waarifiwe Kenya Power. Na pale ua ulipo wa mnyaa, ule wa vijiti vya kijani vyenye utomvu mweupe, miwani ni lazima mara mbili. Utomvu huo ukiingia jichoni unaunguza. Jicho lioshwe kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Kuhusu kukata kwenyewe, mashine ina swichi mbili ili mikono yote miwili iwe imeshika na isiweze kufika kwenye meno. Wako watu ambao, wakichoka vidole, huchana ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli na kuifunga swichi moja ibaki imebanwa. Sasa mkono mmoja uko huru, na mkono ulio huru hukimbilia kuondoa tawi. Mwambie kijana hili wazi kwa simu, na umweleze sababu. Ukiona mpira huo kwenye video, simamisha kazi.

Upande wa ua hukatwa kutoka chini kwenda juu, kwa kufagia, ua ukibaki mwembamba juu na mpana chini ili jua lifike kwenye matawi ya chini. Tawi lililozidi unene wa kidole gumba si la mashine. Hilo ni la msumeno. Meno yakikwama, betri hutolewa kwanza, ndipo tawi lichomolewe. Si kuzima tu: kutoa betri. Watoto na mbwa wawe ndani ya nyumba, na majani yawe yamekauka umande. Ngazi isiegemezwe kwenye ua, maana matawi hayabebi mtu. Ua mrefu unataka mashine ya mpini mrefu au jukwaa imara.

Mtu akikatwa, jeraha libanwe kwa kitambaa safi akipelekwa hospitali, na aulizie sindano ya pepopunda. Gharama ni zako. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humwajibisha mwajiri, na kama mwajiri ni wewe, kuwa kwako ng'ambo hakubadilishi kitu.

Betri ichajiwe mchana, mtu akiwepo, juu ya sakafu ya simiti, kupitia kifaa cha kuzuia umeme unaporudi kwa nguvu. Isiachwe juani wala ndani ya gari. Ikivimba au ikianguka vibaya, haitumiki tena, na isitupwe shimoni wala kuchomwa na takataka. Iwekwe nje ya nyumba, mbali na chochote kinachoshika moto, kisha ipelekwe kwa wanaopokea taka za kielektroniki, kama WEEE Centre iliyoko mtaa wa Utawala, Nairobi.