Kueleza udongo wa mbuga: ramani, mvua, mteremko, kisha shimo

Somo hili linahusu udongo mweusi wa mbuga, ambao wengi Kenya wanaujua kama udongo mweusi wa pamba. Katika mfumo wa kimataifa wa uainishaji unaitwa Vertisoli. Lengo ni uandike maelezo ambayo mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Mlingano (Tanzania) au Kabete (Kenya) akiyasoma ataujua udongo wako bila kufika shambani.

Kosa linalorudiwa sana ni mtu kuona weusi na kuandika Vertisoli papo hapo. Weusi peke yake hauthibitishi kitu. Kinachouainisha udongo huu ni mwendo wake: unavimba ukilowa, unanywea na kupasuka ukikauka. Mwendo huo unataka mfinyanzi wa aina ya smektaiti, msimu wa mvua na wa kiangazi vinavyopishana, na mara nyingi ardhi tambarare ambako maji na madini kutoka juu hukusanyika. Kwa hiyo lazima shimo, mvua na mteremko visomwe pamoja. Kimoja kikipingana na vingine, kuna mahali umekosea kupima.

Hatua ya 1: Soma umbo la nchi

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani, Usambara, aliupa ulimwengu wazo la katena: udongo hubadilika kwa mpangilio unaojirudia kutoka kilele cha kilima hadi bondeni. Usukumani wakulima wana majina ya mpangilio huo, na yatumie katika maelezo yako kwa sababu yamebeba taarifa. Karibu na vilima vya mawe ya graniti kuna luseni, kichanga chepesi. Ukishuka unakuta itogolo na ibambasi, zenye tabaka gumu chini. Chini kabisa ni mbuga. Kalsiamu, magnesi na silika huoshwa kutoka juu na kujikusanya bondeni, na humo ndimo smektaiti hujijenga. Ila usifanye hiyo kuwa sheria: kwenye tambarare za Athi, kusini mashariki mwa Nairobi, udongo huu umekaa juu ya uwanda wa lava, sio bondeni. Kwa hiyo andika daima mwamba au mashapo yaliyo chini.

Mteremko wa mbuga kwa kawaida hauzidi asilimia 2. Hapa data ya mwinuko ya setilaiti ya SRTM yenye chembe (miraba ya ramani) za mita 30 inapotosha, maana kosa lake la wima ni mita kadhaa, na mbuga nzima inaweza kuwa na tofauti ndogo kuliko hiyo. Itumie kuonyesha kilima kiko wapi na maji yanaelekea wapi. Mteremko wa eneo la shimo upime kwa mpira wa maji wa mafundi ujenzi: simamisha vijiti viwili umbali wa mita 20, toa mapovu yote kwenye mpira, soma usawa wa maji kila upande kutoka ardhini. Tofauti ya sentimita 20 ni asilimia 1. Povu moja likibaki, kipimo hakina maana.

Angalia pia kama uso una vituta na vishimo vya asili vinavyopishana kila mita chache. Umbo hilo linaitwa gilgai. Likiwepo, shimo la kawaida halitoshi: chimba mtaro wa mita 4 hadi 6 unaokata kituta na kishimo, ueleze pande zote mbili.

Hatua ya 2: Mvua kwa mwezi, sio kwa mwaka

Chukua takwimu za kila mwezi za angalau miaka 30. Kituo cha karibu cha mamlaka ya hali ya hewa ndicho cha kwanza. Kikiwa mbali, tumia CHIRPS, data ya mvua inayotokana na setilaiti na vituo, ambayo ina mvua tangu 1981 kwa chembe za takriban kilomita 5. Weka pembeni uvukizi wa mimea wa mwezi huo huo. Mwezi ambao mvua haifikii nusu ya uvukizi uhesabu kuwa mkavu.

Hesabu hiyo ndiyo inayokuelekeza kwenye jina. Katika mfumo wa Kimarekani, nyufa za upana wa milimita 5 au zaidi zikikaa wazi jumla ya siku 90 au zaidi kwa mwaka wa kawaida, udongo unaingia kundi la Usterti. Zikifungwa kwa chini ya siku 60 mfululizo, hapo ni nchi kavu mno na kundi ni Torerti. Sehemu kubwa ya Usukumani, ambako Juni hadi Agosti karibu hakuna mvua, iko kwenye la kwanza. Takwimu zinakupa makisio tu. Waulize wakulima nyufa hufunguka mwezi gani na hufunga baada ya mvua ngapi, uandike jibu lao kama lilivyo.

Joto la udongo kwenye sentimita 50 likadirie kwa kuongeza digrii 1 hadi 2 kwenye wastani wa joto la hewa wa mwaka.

Hatua ya 3: Ramani za udongo zilizopo

Tafuta ripoti za zamani za uchunguzi wa eneo kabla ya kufungua kompyuta. Zina mashimo halisi. Kisha angalia SoilGrids, ramani ya kidijiti ya udongo wa dunia ya taasisi ya ISRIC, lakini ujue unachosoma: ni makisio ya hesabu kwa chembe za mita 250, na mbuga nyembamba iliyo kati ya miteremko miwili humezwa na luseni jirani. Tahadhari ya vipimo: mfinyanzi umeandikwa gramu kwa kilo, gawanya kwa 10 upate asilimia. pH nayo imezidishwa mara 10.

Hatua ya 4: Shimo

Chagua mwanzo wa kiangazi, udongo ukiwa na unyevu kidogo. Katikati ya kiangazi sururu inadunda, na wakati wa masika kuta zinaporomoka na nyufa zimefungwa. Kaa mbali na barabara, kichuguu na tuta la jaruba. Chimba urefu wa mita 2, upana mita 1, kina mita 1.5 hadi 2, na ngazi upande mmoja. Ukuta utakaousoma uelekee jua, na juu yake asikanyage mtu wala usirundikwe udongo. Weka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine ili urudishwe kwa mpangilio.

Pima nyufa kabla ya kuchimba. Nyoosha kamba ya mita moja, hesabu nyufa zinazoikata, pima upana kwa rula na kina kwa waya mgumu wa milimita 2. Waya ukigoma mapema usilazimishe, maana ufa hupinda. Andika kina kilichofikiwa.

Sasa ukuta. Jembe na koleo hupaka mfinyanzi na kuacha uso unaong'aa, na uso huo wa bandia umewadanganya wengi. Usikate. Chomeka ncha ya kisu na kubandua mabonge kutoka juu hadi chini, ili udongo upasuke pale unapotaka wenyewe. Kuanzia kama sentimita 50 kwenda chini tafuta nyuso za msuguano: zinang'aa kama zimepakwa mafuta, zina mistari midogo iliyoelekea upande mmoja, na zimelala kwa mshazari. Tafuta pia mabonge yenye umbo la kabari, ambayo mhimili wake mrefu umeinama kati ya digrii 10 na 60 kutoka usawa wa ardhi. Kadiria asilimia. Mfumo wa kimataifa unataka kabari zifike asilimia 20 ya ujazo, au nyuso za msuguano asilimia 10 ya nyuso za mabonge, katika tabaka lenye unene wa sentimita 25 au zaidi, linaloanzia ndani ya mita 1 kutoka juu. Mfinyanzi uwe asilimia 30 au zaidi kuanzia usoni hadi tabaka hilo.

Mipaka ya matabaka ya mbuga haionekani vizuri kwa sababu udongo hujikoroga wenyewe. Usibuni mipaka. Ukikosa kuiona, gawa kila sentimita 20 na uandike kwamba umegawa kwa kipimo. Kwa kila tabaka andika rangi ikiwa mbichi na ikiwa kavu kwa kitabu cha rangi za udongo cha Munsell, umbo na ukubwa wa mabonge, ugumu, mizizi, vinundu vya chokaa na jinsi tone la asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 linavyotoa povu. Mfinyanzi ukiwa na thamani (jinsi rangi ilivyo nyeupe au nyeusi) 3 au chini na ukolezi (nguvu ya rangi) 2 au chini kwenye kitabu hicho, rangi ya mbichi, katika sentimita 30 za juu, unaongeza neno Peliki kwenye jina.

Kujua unamu (uwiano wa mchanga, tope na mfinyanzi) kwa vidole kunahitaji subira. Chembe ndogo ngumu za mbuga zinahisi kama mchanga, na mtu mwenye haraka anaandika kichanga. Lowesha, kanda dakika 5 au zaidi mpaka chembe zilainike, kisha sukuma utepe kati ya kidole gumba na cha shahada. Utepe wa zaidi ya sentimita 5 bila kukatika ni mfinyanzi.

Chukua sampuli ukianza tabaka la chini kupanda juu, kilo moja kila tabaka, na uepuke udongo uliodondokea ndani ya nyufa. Lebo mbili: moja nje, moja ndani ikiwa kwenye kijifuko chake.

Hatua ya 5: Kipimo cha kunywea

Kanda udongo uwe uji mzito, ujaze kwenye bomba la sindano lililokatwa ncha, usukume vijiti vitatu vya sentimita 8. Pima urefu, vikaushe kivulini siku mbili kisha juani, pima tena. Toa urefu mkavu kwenye urefu mbichi, gawa kwa urefu mkavu. Ukipata 0.06 au zaidi, uwezo wa kuvimba ni mkubwa. Uji ukiwa na maji mengi, namba inapanda bure.

Hatua ya 6: Andika

Aya moja inatosha, kwa mpangilio: mahali, umbo, mwamba, mvua, udongo, jina. Mfano wa mtindo tu, namba ni za kubuni:

"Chini ya katena ya graniti, mteremko asilimia 1, mashapo ya mfinyanzi. Miezi 5 mikavu mfululizo, nyufa za sentimita 3 hadi kina cha sentimita 70. Mfinyanzi mweusi sana (10YR 2/1 mbichi), mabonge ya kabari asilimia 30 kati ya sentimita 45 na 110, vinundu vya chokaa kuanzia sentimita 80. Kunywea 0.11. Vertisoli ya Peliki. Wenyeji: mbuga."

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Shamba langu lina kichanga cheupe sentimita 20, chini yake mfinyanzi mgumu unaopasuka. Niandike Vertisoli?

Marahaba. Hapana. Sharti la asilimia 30 za mfinyanzi kuanzia juu halijatimia. Mabadiliko ya ghafla ya aina hiyo ni tabia ya itogolo na ibambasi, na mara nyingi jina litaangukia Planosoli, au Solonetzi kama sodiamu ni nyingi. Pima sodiamu maabara kabla ya kuamua.

Sisi tunalima mpunga wa umwagiliaji, maji yapo karibu mwaka mzima na nyufa hazionekani. Tufanyeje?

Ni hali ya kawaida kwenye skimu kama Mwea na Ahero. Umwagiliaji umeficha nyufa, udongo haujabadilika. Tegemea nyuso za msuguano, kabari na kipimo cha vijiti. Andika wazi kwamba shamba linamwagiliwa, na kama unaweza chimba shimo la pili nje ya skimu, kwenye umbo lile lile la nchi.

Ndugu mwalimu, SoilGrids inanipa mfinyanzi asilimia 29, maabara imenipa 56. Nimwamini nani?

Maabara, ikiwa walitawanya mfinyanzi vizuri kwa kalgoni (kemikali ya kutenganisha chembe) na kuondoa chokaa. Wangezembea hapo, kosa lingekuwa upande wa chini, lisingepanda hadi 56. Ile 29 ni wastani wa chembe yenye luseni ndani yake. Andika namba zote mbili na ueleze tofauti.

Fundi ameniambia tuchimbe msingi hadi udongo mweusi uishe. Maelezo haya yananisaidia kitu?

Ndiyo, kina cha tabaka jeusi na namba ya kunywea ndivyo mhandisi anavyovihitaji. Tabaka likiwa jembamba, kuliondoa na kusimama juu ya murramu au mwamba ni njia salama. Likiwa nene, mpe mhandisi vipimo achague aina ya msingi. Kwa vyovyote, maji ya paa yapelekwe mbali na ukuta, maana upande mmoja ukilowa na mwingine ukibaki mkavu, nyumba inanyanyuliwa bila usawa na kona ndiyo hupasuka kwanza.

Uzito wa udongo kwa ujazo nimepima mara mbili, Juni na Februari, namba hazilingani.

Haziwezi kulingana. Bonge lile lile lina ujazo tofauti likiwa kavu na likiwa limelowa. Kila kipimo kiandikwe pamoja na unyevu wa siku ile, la sivyo hakitalinganishwa na chochote.