Upinde wa mjukuu: ufito wa mpera, uzi wa nyavu na mishale ya matete

Upinde wa mtoto si upinde wa mkubwa uliokatwa mfupi. Ufito ukiufupisha bila kuupunguza unene unazidi ugumu: mtoto anauvuta kidogo, mkono unatetemeka, mshale unaenda ovyo. Akijitahidi kuuvuta hadi shavuni, unavunjika. Kinachotakiwa ni upinde mwepesi unaopinda sawasawa pande zote mbili, na mshale ambao kichwa chake hakiwezi kuingia jichoni. Kasi na umbali havina haja.

Vipimo vya kuanzia, ukihesabu umri na kimo cha kawaida:

Miaka 4 hadi 6: upinde sm 100, mvuto sm 35 hadi 40, uzito kilo 2 hadi 3.
Miaka 7 hadi 9: upinde sm 120, mvuto sm 45, uzito kilo 4 hadi 5.
Miaka 10 hadi 12: upinde sm 140, mvuto sm 55, uzito kilo 6 hadi 7.

Mvuto ni umbali kutoka kwenye kishikio hadi kwenye kamba ikiwa imevutwa. Uzito ni nguvu ya kuifikisha kamba hapo. Kama mtoto ni mdogo kuliko umri wake, fuata kimo: upinde ulingane na urefu wake au upungue kidogo. Urefu wa upinde usishuke chini ya mara mbili na nusu ya mvuto, hata kama mjukuu mwenyewe anataka mdogo wa kukimbia nao.

Mti na ukaushaji

Kwa mtu wa Mwanza mjini, mpera ndio mti wa karibu. Mbao yake ni ngumu na inapinda sana kabla ya kuvunjika, ndiyo maana watoto huchagua panda za mpera kwa manati. Mwenye ndugu shambani aagize mkole. Huo ni mti wa pinde hasa, na machipukizi yake hutoka marefu na yamenyooka. Mkaratusi hupasuka unapokauka. Msonobari wa fundi seremala una vifundo, na kifundo kimoja kikiwa mahali pabaya kinatosha kuuvunja. Mlonge usiujaribu kabisa. Na ukikata karibu na ua wa mnyaa, angalia panga lisiuguse: utomvu wake ukiingia jichoni unachoma vibaya, na mtoto aliyesimama pembeni kutazama ndiye huwa wa kwanza kuupata.

Tafuta ufito wenye kipenyo cha sm 4, uliozidi urefu wa upinde kwa sm 20, na wenye angalau upande mmoja safi usio na kifundo wala jicho la tawi. Kata wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Siku hiyohiyo paka ncha zote mbili rangi ya mafuta au nta ya mshumaa, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi nchani na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Usiukaushe mzima. Chonga upande mmoja kwa panga bila kufika katikati, ubaki na zaidi ya nusu ya ufito, kisha uufunge kwa kamba kwenye ubao ulionyooka ili usijikunje. Uweke ndani ya nyumba, juu ya uchaga au kabati. Juu ya bati au juani utapasuka, na nje usiku unyevu wa ziwa unarudi humo humo.

Wiki 4 hutosha kwa kipande cha unene huo. Usikisie: upime kila baada ya siku 3 kwenye mizani ya jikoni. Uzito ukiacha kushuka, umekauka. Ufito mbichi unachongeka kwa raha, lakini baada ya kutumika siku mbili tatu unabaki umejikunja hata kamba ikiwa imevuliwa.

Kuchonga

Upande wa nje, uliokuwa chini ya gome, ndio mgongo wa upinde. Utatazama mbele, mbali na mtoto. Upande uliochonga ni tumbo. Mgongo unabanduliwa gome tu, kisha hauguswi tena na kisu, tupa wala randa. Nyuzi za mti zinapita hapo kutoka ncha hadi ncha, na ndizo zinazobeba mvutano wote. Ukizikata, hata kwa kulainisha kinundu kidogo, kibanzi kitainuka hapo siku upinde ukivutwa. Pinde nyingi za nyumbani zinazovunjika zilianza kuvunjwa hapo, na fundi aliyetaka uonekane mzuri.

Kwa upinde wa sm 120, weka alama katikati, kisha sm 5 kila upande: hizo sm 10 ni kishikio, zibaki na unene wa mm 25. Kutoka kishikio hadi katikati ya kila mkono wa upinde, upana uwe mm 25. Kuanzia hapo upungue taratibu hadi mm 12 nchani. Unene uanze na mm 12 karibu na kishikio na kuishia mm 9 nchani. Unene unapotoka kwenye kishikio kuingia mkononi ushuke kwa mteremko wa sm 4 au 5. Ukikata ngazi, utavunjika kwenye ngazi. Kazi kubwa ifanye kwa panga au tezo, kisha tupa ya mbao.

Sm 2 kutoka kila ncha, kata vijishimo viwili vya kushikia kamba, kimoja kila ubavu, vyenye kina cha mm 3. Vielekee kwenye kishikio kwa mshazari, na uvilainishe kwa msasa. Visikate mgongo.

Kulinganisha mikono

Hapa ndipo muda wote unapoishia, na ndipo haraka inapoharibu kila kitu. Funga kamba iliyolegea kidogo, ulaze upinde juu ya kigingi au tawi imara ukiegemea kwenye kishikio, mgongo juu, kamba ikining'inia chini. Ning'iniza ndoo ndogo katikati ya kamba. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Ongeza na uzito wa ndoo yenyewe. Mwenye mizani ya ndoano kama ya wauza samaki atashika ndoano kwenye kamba na kuvuta chini.

Anza na lita 1. Simama hatua 3 nyuma, utazame umbo. Mikono miwili iwe tao moja, na kila sehemu ya mkono ipinde kidogo. Panapopinda zaidi ya kwingine ni pembamba mno: paache, ukwangue kwingine. Panapobaki pamenyooka ni panene: weka alama ya penseli kwenye tumbo, uondoe kidogo. Kuanzia sasa usitumie panga. Kipande cha kioo kilichovunjika, kikishikwa wima na kuburutwa, huondoa mbao nyembamba kama karatasi. Kifunge kitambaa upande wa kushikia. Baada ya kila mikwaruzo 10, vuta kamba mara 20 kwa mvuto mfupi kabla ya kupima tena, maana mbao haionyeshi badiliko papo hapo.

Ongeza maji na mvuto taratibu, na usizidishe uzito unaoutaka hata mara moja. Kwa mtoto wa miaka 8, kamba ikishuka sm 45 kutoka kwenye kishikio kwa jumla ya kilo 4 na nusu, acha. Ikifika hapo kwa kilo 7, punguza mikono yote miwili kwa usawa. Ukiona mistari midogo ya kukatiza kwenye tumbo, mbao inasagika hapo kwa kupinda peke yake. Punguza pande zake zote mbili upesi, au uufanye upinde huo wa mjukuu mdogo zaidi.

Malizia kwa msasa, zungusha kitambaa cha pamba kwenye kishikio, kisha paka nta ya nyuki au vanishi tabaka mbili.

Kamba

Uzi wa kushonea nyavu unapatikana kwenye maduka ya zana za uvuvi, Kirumba kwa mfano. Chukua wa poliesta ukiupata. Wa nailoni hunyumbuka: uning'inize na ndoo ya lita 10 usiku mzima kabla ya kuukata. Katani inalika haraka kwenye vijishimo. Sokota nyuzi 3 hadi upate unene wa mm 2 au 3, funga kitanzi kisichoteleza kila upande. Kamba iwe fupi kuliko nafasi kati ya vijishimo kwa sm 4 hivi. Ikishavishwa, iwe mbali na kishikio kwa sm 11 hadi 13. Katikati izungushie uzi mwembamba sm 8, hapo mshale unapokaa.

Mishale

Matete ya kando ya ziwa ni mishale iliyokaribia kumalizika. Chagua yaliyokauka rangi ya majani makavu, unene wa mm 8. Yachukue nchi kavu au ununue kwa wanaouza ya kujengea. Kuingia majini kuyakata ni kukaribisha kichocho, na sehemu nyingine mamba. Mafunjo hayafai, ni laini. Kwangua vifundo, pasha moto juu ya makaa palipopinda, unyooshe, ushikilie hadi papoe. Urefu uwe mvuto pamoja na sm 10, ili mshale usidondoke nyuma ya mkono wa mtoto.

Nyuma, kata mfereji wa kina cha mm 6 juu tu ya kifundo cha tete, kisha funga uzi kwa nguvu chini ya mfereji. Bila uzi, tete litapasuka mara ya kwanza. Manyoya 3 ya bawa la kuku au kanga, sm 8 kila moja, yote ya bawa la upande mmoja, yafungwe kwa uzi mbele na nyuma.

Kichwa ndicho kinacholinda jicho. Kiwe na upana wa sm 5, kipana kuliko tundu la jicho. Ponda kizibo cha soda kiwe bapa, ukibandike kwenye ncha ya tete kwa gundi ya viatu. Juu yake weka miduara 2 ya soli laini ya kandambili au sponji, kisha uvalishe kitambaa na kukifunga kwa uzi shingoni. Kizibo kinazuia tete kutoboa sponji kadiri linavyogonga. Kagua kila kichwa kabla ya mchezo. Kilicholegea kinawekwa pembeni siku hiyo.

Shabaha ni kiroba kilichojazwa pumba za mpunga, umbali wa mita 5. Nyuma yake pawe na udongo au ua wa matawi. Kwa nyumba za mlimani, Bugando au Igogo, usielekeze shabaha kwenye jabali: mshale unaweza kudunda na kurudi. Watoto wote wasimame nyuma ya mstari mmoja, na hakuna anayekwenda kuokota hadi mishale yote iwe chini. Kamba isiachiwe bila mshale kamwe. Nguvu yote inarudi kwenye mbao, na upinde mzima unaweza kukatika mkononi.

Mchezo ukiisha, vua kamba, ulaze upinde bapa juu ya misumari miwili ukutani. Ukiegemezwa kona, utapinda upande mmoja. Kamba ibadilishwe mara nyuzi zake zinapoanza kutoka manyoya karibu na vijishimo.