Kingamwili za saitokini za mbuzi: balaa lote liko hatua ya tatu

Mwanafunzi mmoja aliniletea kloni 40 za haibridoma (seli chotara zinazotoa kingamwili, kila kloni ikitoka seli moja) akicheka hadi jino la mwisho. Tulizipima upya, zikabaki mbili. Sikumcheka, maana nami nilianguka shimo hilohilo. Mwongozo huu ni wa anayetaka kutengeneza kingamwili za kupimia intaferoni gama au saitokini nyingine ya mbuzi, yaani protini ambazo seli za kinga hutumia kupeana ishara.

1. Tafuta zilizopo. Protini za kinga za mbuzi, kondoo na ng'ombe zinakaribiana sana. Kloni CC302 na CC330, zilizotengenezwa dhidi ya intaferoni gama ya ng'ombe, hunasa ya mbuzi pia. Zikikufaa, ishia hapo.

2. Antijeni (protini ya kumchanjia panya) na panya. Tengeneza protini mbili: ya kuchanjia, kutoka bakteria E. coli, yenye mkia wa histidini (kipande kifupi cha kuisafishia protini); na ya kupimia, kutoka seli za mamalia, isiyo na mkia huo. Mchanje panya wa BALB/c mikrogramu 20 hadi 50, urudie kila baada ya wiki 2 au 3. Dozi ya mwisho, bila ajuvanti (kichochezi cha kinga), mpe siku 3 kabla ya kuunganisha seli. Kuunganisha seli za wengu na SP2/0 (seli za saratani ya panya) kwa kemikali ya PEG, kisha kuzikuza kwenye HAT (chakula cha seli kinachobakiza chotara tu), ni kazi ya kawaida iliyotokana na njia ya Köhler na Milstein ya mwaka 1975, kwa hiyo sirudii.

3. Kuchuja kloni. Hapa nilipoteza miezi mitatu. Nilipaka sahani ya elisa (kipimo cha vishimo vinavyobadilika rangi kingamwili ikishika) protini ileile niliyomchanjia panya. Vishimo vikawa vya njano tupu, nikashangilia. Kumbe nilijiuzia mbuzi kwenye gunia: kloni nyingi zilikuwa zinashika mkia wa histidini, na nyingine mabaki ya E. coli. Panya hana kosa, alijibu alichopewa.

Basi pima kwa protini ya mamalia, na kando yake weka sahani yenye protini nyingine kabisa iliyo na mkia wa histidini. Kloni inayowaka huku na huku, tupa bila huruma.

Hata hivyo usitulie. Protini ikinata kwenye plastiki huweza kupoteza umbo, na ile ya E. coli haina sukari iliyo kwenye intaferoni ya mbuzi mwenyewe. Utapata kloni inayopenda protini iliyoharibika na kuipita iliyo nzima. Mimi hugeuza mpangilio: napaka kingamwili dhidi ya IgG (aina kuu ya kingamwili) ya panya, naongeza majimaji ya kloni, kisha protini iliyofungwa biotini (alama ndogo ya kuionea) ikiwa bado inaelea. Zinazopita nazijaribu kwa seli nyeupe za mbuzi zilizochokozwa na konkanavalini A (kichochezi cha seli za kinga) ili zitoe saitokini, kando ya zisizochokozwa. Fanya haya kabla ya kuhangaika na kutenga kloni.

4. Kutenga. Wastani wa nusu seli kwa kishimo, ili kila kloni itoke seli moja; rudia mara mbili. Gandisha akiba mapema.

5. Jozi ya elisa. Jaribu kila kloni na kila nyenzake, upande wa kunasa (iliyopakwa sahani) na wa kuonyesha (inayoongezwa mwisho). Ya kuonyesha ifunge biotini. Ukiionyesha kwa kingamwili dhidi ya panya, itaishika na ile ya kunasa, sahani nzima iwake. Kwenye seramu ongeza IgG ya panya wa kawaida, ili kuziba vitu vya seramu vinavyoshika kingamwili za panya, na acha safu moja iliyopakwa kingamwili ya panya isiyohusika badala ya ile ya kunasa. Safu hiyo ikiwaka, usiamini namba yoyote ya sahani hiyo.