Odita wa KRA amekuandikia? Tafuta mtu wa kukusimamia kabla hujajibu chochote

Mimi nauza spea Kirinyaga Road, shokamzoba, breki padi, bearing, vitu kama hizo. Sijasomea kodi. Lakini nimepitia ukaguzi wa KRA (mamlaka ya ushuru Kenya) mwanzo hadi mwisho na kila wiki kuna mtu anakuja kwa kaunta ananiuliza, "Bosi, wewe ulifanyaje?" so nimeamua kuandika mara moja nimalize.

Kwanza kabisa fungua iTax, ule mtandao wa KRA wa kodi, sai uangalie ni imeli gani imeandikwa pale. Wengi wetu PIN (nambari ya kodi) tulifanyiwa na kijana wa saiba miaka hiyo, akaweka imeli yake au akatengeneza ingine ya haraka haraka ambayo hata yeye mwenyewe haijui tena. KRA wakituma notisi inaenda huko, na siku zinahesabiwa wewe ukiwa dukani unauza mafuta ya injini bila habari. Mimi barua ya kwanza, ile ya kusema tunakuja kukagua na tunaomba rekodi, sikuwahi kuiona. Ya pili pia sikuiona. Nilikuja kujua afisa aliponipigia simu, na wakati huo ilikuwa imefika kwa asesimenti kabisa, yaani ile barua inasema unadaiwa hela ngapi. Siku tatu zilikuwa zimeisha kati ya thelathini.

Hizo siku 30 zishike vizuri. Ukishapewa asesimenti na hukubaliani nayo, sheria ya Tax Procedures ya 2015 inakupa siku 30 uweke pingamizi. Hesabu kila siku, wikendi na sikukuu ndani, usijifanye mjanja na kalenda. Zikiisha kama hujafanya kitu lile deni limekaa, na KRA wana nguvu ya kuandikia benki yako ilipe kutoka kwa akaunti yako. Kuna njia ya kuomba kuongezewa muda, lakini lazima uwe na sababu ya maana kama ulikuwa mgonjwa au ulikuwa nje ya Kenya, na uwe na karatasi za kuonyesha.

Sasa, mtu wa kukusimamia. Mimi nilianza vibaya. Kwa kibanda ya chakula nikaambiwa kuna jamaa anajua watu huko juu Times Tower, makao ya KRA, ni simu moja tu na mambo inaisha. Akaitisha elfu 80 na paswadi ya iTax. Nikampa zote mbili, wueh, hadi leo nikikumbuka najishika kichwa. Siku kumi na sita akawa ananiambia "inashughulikiwa mkubwa, tulia." Siku ya kumi na tisa simu ikawa imezimwa. Nilipoingia iTax nikakuta hakuna chochote kimewekwa, hata mstari mmoja. Elfu 80 nilishaisamehe. Siku kumi na sita ndizo bado zinaniuma.

Kwa hivyo mtu akikuambia anajua watu, huyo anauza kitu kingine. Unayemtaka ni mtu ataketi chini na stetimenti zako. Na hela ya kodi yenyewe usipitishie kwa mtu yeyote, toa PRN (nambari ya malipo) kwa iTax ulipe mwenyewe. Ukiitishwa kitu kidogo, KRA wenyewe wana iWhistle, mtandao wa kuripoti ufisadi, unaripoti bila kuweka jina.

Nani anaruhusiwa kukuwakilisha? Kuna ajenti wa kodi aliyepewa leseni na KRA. Wengi wao ni wahasibu, wengine mawakili. Usiamini bizinesi kadi. Omba jina kamili, uangalie kama yuko kwenye orodha ya maajenti waliosajiliwa na KRA. Akisema ni CPA, yaani mhasibu aliyehitimu, angalia ICPAK (chama cha wahasibu) kama ni mwanachama na kama anaruhusiwa kufanya kazi ya umma, akisema ni wakili angalia Law Society of Kenya (chama cha mawakili) kama ana cheti cha mwaka huu. Hiyo yote ni dakika kumi na simu yako. Mtu wa kweli hakasiriki ukimwangalia, yule wangu wa kwanza alikasirika.

Mhasibu au wakili? Kama bado uko kwa ukaguzi au pingamizi, mi naona mhasibu mzuri anatosha, kwa sababu vita yote iko kwa nambari. Ikifika kwa Tax Appeals Tribunal, baraza la rufaa za kodi, unaweza kwenda mwenyewe au na ajenti au na wakili, lakini hapo tayari kuna mambo ya sheria na afadhali wakili awe karibu. High Court ni wakili bila mjadala. Na ukisikia imegeuka kuwa uchunguzi wa jinai, usiongee na mtu, wakili kuanzia siku hiyo hiyo.

Mimi nilipata mama mmoja mhasibu, ana ofisi ndogo River Road, ghorofa ya tatu, lifti haifanyi. Nilibeba risiti na gunia la unga. Akaliangalia gunia, akaniangalia mimi, akauliza, "Kijana wangu, barua ni ya tarehe ngapi?" Sio habari gani, sio umeleta pesa ngapi. Nikamwambia mama, zimebaki siku kumi na moja. Akavua koti.

Ukienda kwa mtu na hauulizwi tarehe ya barua, shuka ngazi.

Kabla hajagusa kitu aliandika barua ya makubaliano, kurasa mbili. Ndani imeandikwa ni kodi gani anashughulikia (yangu ilikuwa VAT na kodi ya mapato), ni miaka gani, anaishia wapi, yaani pingamizi tu ama mpaka Tribunal, bei ya kila hatua, na kwamba makaratasi yangu yatarudi. Kuna wengine wanataka asilimia ya ile kodi utakayopunguziwa. Sipendi hiyo. Mtu wa asilimia hatakushauri ukubali kile kweli unadaiwa, na nitaeleza hapo chini kwa nini kukubali kunasaidia. Na hakutaka paswadi yangu. Ajenti aliyesajiliwa unamteua ndani ya iTax kwa akaunti yako, yeye anaingia kwa akaunti yake, na ukitaka kumtoa unamtoa. Ya kwanza aliyoniambia ni nibadilishe paswadi ile nilikuwa nimempa jamaa, na imeli pia.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndio utaona unalipia nini. Odita akikagua biashara ndogo mara nyingi anachukua stetimenti za benki na M-Pesa, anajumlisha hela zote zimeingia, halafu analinganisha na kile ulitangaza kwa ritani. Tofauti inachukuliwa ni mauzo uliyoficha, mpaka wewe uonyeshe vingine. Na kumbuka kwa sheria ya kodi mzigo wa kuthibitisha ni wa mlipaji. Sio KRA waonyeshe ni mauzo, ni wewe uonyeshe sio mauzo. Mimi benki ilionyesha milioni 14.2 kwa mwaka mmoja, ritani ilisema 9. Tofauti milioni 5.2. VAT ya 16% ukiipiga kavu kavu hapo ni 832,000, kabla hujaweka kodi ya mapato, kabla ya faini, kabla ya riba ya 1% kila mwezi. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nani atanunua stoki yangu kwa bei ya kutupa.

Mama akachapisha stetimenti zote akachukua kalamu za rangi. Tukakaa siku nne, mstari kwa mstari, na hapo ndio nilijua maisha yangu yote iko kwa hiyo akaunti. Milioni 1.9 ilikuwa hela yangu mwenyewe, nilitoa kwa tili nikaweka benki, kwa hivyo ilihesabiwa mara mbili. Milioni 1.4 ilikuwa ya chama, kikundi chetu cha kuchanga pesa, mimi ni mweka hazina na sisi watu wa chama tuna tabia mbaya ya kutumia akaunti ya mtu binafsi. Laki 8 mkopo wa Sacco. Laki 5 ndugu yangu alituma kutoka Qatar tumjengee nyumbani. Jumla milioni 4.6. Kila moja akaitishia karatasi yake: kitabu cha chama na minitsi, barua ya Sacco, meseji za kutuma pesa, risiti za simiti na mabati. Mwenyekiti wa chama alinuna kidogo kuitishwa kitabu lakini akaleta.

Zikabaki laki 6. Akaniuliza hizi ni nini. Nikaanza kuzungukazunguka, sijui hapa kulikuwa na mteja fulani, sijui… Akaniangalia tu juu ya miwani. Zilikuwa mauzo. Enyewe zilikuwa mauzo, za mwezi wa kumi na mbili, sikuziingiza. Akasema hizi tunakubali. Sababu yake ni ya kisheria: pingamizi halihesabiki kuwa halali kama ile sehemu hubishii hujailipa au hujaomba KRA wakuongezee muda wa kuilipa. Lazima pia useme hasa unapinga nini, unataka irekebishwe aje, kwa sababu gani, na uambatanishe makaratasi. Kuandika "sikubaliani na hiyo pesa, ni nyingi sana" sio pingamizi, hayo ni malalamiko. Nilitoa PRN nikalipa kodi ya zile laki 6, pingamizi likaingia kwa iTax siku ya ishirini na nane.

Baada ya hapo KRA wana siku 60 watoe uamuzi, na wasipotoa ndani ya hizo siku pingamizi linachukuliwa limekubaliwa. Lakini usikae ukiomba wasahau. Waliita kikao, tukaenda na mama. Maagizo yake yalikuwa mafupi: mimi niongee mama akiniuliza tu, nikiwa sijui niseme nitaangalia, nisikisie. Maana sisi watu wa duka tukiona kimya tunakijaza. Odita akauliza stoo iko wapi, nilikuwa karibu kuanza historia ya stoo tangu wakati wa mzee, mguu ukanikanyaga chini ya meza. Kila karatasi tulipeleka nakala, sio orijino, na barua juu imeorodhesha ni nini na nini, nakala yetu ikagongwa muhuri ya kupokelewa. Wakitaka kitu hamna, unaomba muda kwa maandishi. Simu haina ushahidi.

Kwangu iliishia hapo, zile milioni 4.6 wakaziondoa. Kama wangekataa, kuna siku 30 zingine za kwenda Tribunal, notisi ya rufaa unalipia 20,000 ambayo hairudi, halafu una siku 14 za kupeleka maelezo yako kamili na makaratasi. Katikati mnaweza kuomba kukaa chini mpatane nje ya Tribunal, hiyo ina siku 120. Watu wengi hawaijui hii ya kupatana na ajenti wengine hawakuambii, labda kwa sababu haina mbwembwe, so uliza mwenyewe.

Kama barua yako bado ni ile ya kwanza ya kuomba rekodi, wewe una bahati kuliko mimi, tafuta mtu wiki hii. Bei ni nafuu zaidi hapo, na vitu vingi vinaelezewa kabla asesimenti haijaandikwa. Rekodi unatakiwa uweke miaka mitano, na matumizi mengi ya kuanzia Januari 2024 bila risiti ya eTIMS (mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki) hayakubaliwi kwa kodi ya mapato, kwa hivyo hata ajenti mzuri aje hapo hana cha kukusaidia. Na kama aliyekuwa anakufailia ritani ndiye alikosea, bado deni ni lako, jina kwa ritani ni lako.

Ukimaliza, mtoe ajenti kwa iTax kama hamuendelei naye, badilisha paswadi tena, chukua barua ya mwisho ya KRA uiweke pahali panya hafiki. Na orijino zako zihesabu kabla hujasaini kuwa umezipokea. Zangu mama alizirudisha zimepangwa kwa mafaili sita, kila mwaka na rangi yake, na lile gunia limekunjwa juu. Chama sai kina akaunti yake, mwenyekiti ndiye alilipia kuifungua.