Ukuta wa banda la kuku, nilivyoujenga mwenyewe

Ukuta wangu wa kwanza hapa Iringa ulikuwa wa banda la kuku, na kozi (mistari ya tofali) tatu za juu nilizibomoa kwa mkono siku ya pili. Kosa? Tofali za kuchoma nilizipanga kavu. Tofali kavu linakunywa maji ya udongo wa saruji (mchanganyiko wa kuunganishia tofali) kabla haujashika, unabaki unga mtupu. Sasa nazimwagia maji au kuzichovya kwenye ndoo, nazitoa, nasubiri uso uache kung'aa.

Msingi chimba mpaka ukute ardhi ngumu, mwaga zege, liache likomae. Kona ipime kwa tatu-nne-tano: mita 3 upande huu, mita 4 ule, mshazari ukitoka mita 5, kona imekaa.

Udongo wa saruji: karai 1 la saruji, 5 za mchanga uliochekechwa. Changanya vikavu kwanza, ndipo uweke maji kidogo kidogo. Koroga wa kutumia ndani ya saa moja tu. Ukianza kukauka usiufufue kwa maji.

Anza na kona zote mbili, kisha vuta kamba katikati. Kiungo kati ya tofali kiwe kama sentimita 1, na tofali la juu lilalie nusu ya lililo chini. Tumia timazi (uzi wenye uzito, wa kupima wima) na pimamaji (kifaa cha kupima ulalo) kila kozi, hata ukijiona fundi. Mimi jicho langu lilinidanganya sentimita 2.

Kwa siku usipite mita 1 na kidogo kwenda juu. Halafu mwagilia ukuta asubuhi na jioni, siku 7.