Ukitaka kufuata mali ya dikteta, anza na mshahara wake

Nimekagua hesabu za watu miaka ishirini na minane, lakini aibu yangu kubwa ilinipata ukumbini, nilipoalikwa kuzungumza juu ya Mobutu, aliyeitawala Zaire, yaani Kongo ya Kinshasa ya leo. Nilitamka bila wasiwasi kwamba aliiba dola bilioni 5. Kijana mmoja akanyosha mkono: "Mzee, ulizihesabia wapi?" Nikakosa la kusema. Nilikuwa nimeisoma mahali, na aliyeiandika naye aliisoma mahali. Uswisi, iliyozuia mali yake mwaka 1997, ilikuta faranga milioni 7.7 hivi tu, na mwaka 2009 zikaachiwa warithi wake. Wizi ulikuwepo, tena mkubwa. Kosa langu ni kwamba nilianzia kwenye jumla, na mkaguzi haanzii huko.

Anza na mshahara. Tafuta mtawala alilipwa kiasi gani kihalali, zidisha kwa miaka aliyokaa madarakani, kisha weka kando yake kitu kimoja tu kilichothibitishwa kuwa chake. Kimoja kinatosha. Mahakama ya Juu ya Ufilipino ilifanya hivyo mwaka 2003: mapato halali ya rais wa zamani Ferdinand Marcos na mkewe wakiwa madarakani yalikuwa kama dola 304,000, ilhali fedha zilizokuwa Uswisi zilipita milioni 650. Sheria ya kule inasema mali ya mtumishi wa umma ikizidi mno kipato chake, yeye ndiye wa kueleza ilikotoka. Huhitaji shahidi aliyemwona akibeba gunia.

Pili, usitafute jina lake. Hutaliona. Mwaka 1968 Marcos na mkewe walifungua akaunti Uswisi kwa majina ya William Saunders na Jane Ryan. Siku hizi hata jina la bandia limepitwa na wakati, inatumika kampuni. Teodoro Nguema Obiang Mangue, mtoto wa rais wa Guinea ya Ikweta, alikuwa waziri mwenye mshahara usiofika dola 100,000 kwa mwaka, na jumba la dola milioni 30 huko Malibu, Marekani, likanunuliwa kupitia kampuni iliyoitwa Sweetwater Malibu. Kwa hiyo andika majina ya watoto, wakwe, makatibu na mawakili, halafu uyapekue kwenye hatimiliki za nyumba na daftari za kampuni. Nyumba ni rafiki mzuri wa mkaguzi kwa sababu haihamishwi usiku.

Benki usiiruke. Ripoti ya Seneti ya Marekani ya mwaka 2004 ilionyesha Guinea ya Ikweta ilikuwa mteja mkubwa kuliko wote wa benki ya Riggs, Washington, ikiwa na karibu dola milioni 700. Kuna fedha taslimu zilizofika hapo katika mabunda ya plastiki, na zikapokelewa. Ripoti za namna hiyo zisome hadi viambatisho. Utamu uko huko.

Sasa lile ambalo wengi hulifanya kwa hasira badala ya kalamu: nani wa nje alimshika mkono? Chora safu mbili. Kushoto andika tarehe za maonyo, kulia tarehe za mikopo, ziara na majeshi. Kwa Mobutu, kulia kunaanza mapema: mwaka 1978 askari wa Ufaransa na Ubelgiji walitua mji wa Kolwezi uasi ulipozuka katika jimbo la Shaba, kusini mwa Zaire. Mwaka huohuo Shirika la Fedha la Kimataifa lilimpeleka Mjerumani Erwin Blumenthal kwenye Benki Kuu ya Zaire. Hakumaliza mwaka. Mwaka 1982 akaandika kwamba wadai wa nchi ile hawana tumaini lolote la kurudishiwa fedha zao. Hilo liandike kushoto, kwa wino mwekundu ukipenda. Kisha tazama kulia: 1983 Mobutu yuko Ikulu ya Marekani kwa Reagan, 1989 yuko kwa Bush, na mikopo inaendelea. Kambi ya Kamina, ndani ya Zaire, ilikuwa njia ya silaha za waasi wa UNITA wa Angola. Vita Baridi ilipokwisha, urafiki nao ukaisha, deni wakaachiwa Wakongo.

Safu ya kulia isijazwe ovyo. Chanjo ya msaada iliyopita mikononi mwa wauguzi si sawa na mkopo ulioingia hazina. Niliwahi kuvichanganya, hesabu yote ikaharibika.

Jumla iandike mwisho kabisa, kama kiwango cha chini na cha juu, na useme nani alikadiria. Orodha ya mwaka 2004 ya Transparency International, shirika linalopiga vita rushwa, inampa Sani Abacha, aliyekuwa mtawala wa kijeshi wa Nigeria, dola bilioni 2 hadi 5. Pengo hilo la bilioni tatu liache lionekane.