SOMO: Diski mpya imeingia, laptopu inasema "No bootable device". Anzia hapa kabla hujapiga simu

Habari za saa hizi wadau. Wiki hii nimejibu swali hili kwa simu mara sita, na jibu ni lile lile, kwa hiyo naliweka hapa mara moja. Mimi ni fundi, meza yangu iko Ngamiani, Tanga.

Kisa huwa kimoja. Diski ya zamani imekufa, mtu kanunua SSD, ile diski isiyo na sahani inayozunguka, kaifunga mwenyewe, kawasha. Kioo cheusi na maneno "No bootable device", au kwenye HP "Boot Device Not Found" na chini yake 3F0. Mbio kwa muuzaji kumwambia kauza kitu kibovu. Jamani, diski mpya ni tupu. Mpaka uipigie Windows, yaani uisakinishe, maneno hayo ni haki yake kabisa.

1. Zima, chomoa chaji, toa betri. Kama betri ni ya ndani, chomoa kwanza waya wake kwenye bodi.

2. Hakikisha umenunua diski inayoingia. SATA na NVMe ni njia mbili tofauti za diski kuongea na bodi. Ya SATA ya inchi 2.5, unene milimita 7, haina shida. Wanaochanganywa ni wa M.2, zile nyembamba kama kijiti cha RAM. Ziko za SATA na ziko za NVMe, na zote zinaweza kuwa na upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Nafasi inayojua SATA tu haitaiona NVMe hata uikalishe vipi. Soma kibandiko dukani, usiangalie umbo.

3. Funga, washa, ingia bayosi, ule ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla ya Windows: HP ni F10, Dell F2, Lenovo mara nyingi F1 au F2. Diski inaonekana? Endelea. Haionekani? Simama hapo hapo, tatizo ni mkanda, pini au aina ya diski (hatua ya 2), Windows haihusiki. Sisi tunaokaa jirani na bahari tuangalie sana hili. Nimeshafungua laptopu kutoka Raskazone, meno ya kiunganishi cha diski yameota ukungu wa kijani kama sarafu ya kale. Mswaki mkavu, spiriti ya isopropili kidogo, iache ikauke kabisa, ndipo urudishe.

4. Fleshi na bayosi vikubaliane. GPT na MBR ni namna mbili za kugawa diski; UEFI na Legacy ni namna mbili za bayosi kuwasha mashine, mpya na ya zamani. Ukitengeneza fleshi kwa programu ya Rufus, GPT inakwenda na UEFI, MBR inakwenda na Legacy. Laptopu zilizotoka na Windows 8 kuja juu, chagua GPT na UEFI. Ukichanganya, fleshi haitawaka, au utafika katikati uambiwe diski ni ya "GPT partition style" na ukataliwe.

5. KABLA YA KUPIGA WINDOWS, TOA DISKI NYINGINE ZOTE.

Hapa naomba usome pole pole. Mteja wangu mmoja ana steshenari Pangani. Nilimfungia SSD, ile diski yake ya zamani, iliyokuwa inakufa lakini bado inasomeka, nikaiweka kwenye kedi, ile fremu ya kushikia diski ya pili, pale panapokaa DVD ili nimhamishie mafaili. Nikapiga Windows zote mbili zikiwa ndani. Ikawaka vizuri, nikahamisha mafaili, nikatoa kedi, nikafunga skrubu, nikamkabidhi. Sikuiwasha tena. Asubuhi yake anapiga simu: kioo cheusi, "No bootable device", na walimu wamesimama mlangoni wanasubiri mitihani ichapwe. Kilichotokea ni kwamba Windows ilikuta diski ya zamani tayari ina patisheni (kipande cha diski) ya EFI, ile ndogo yenye mafaili ya kuwashia, ikayaweka humo humo. Windows yenyewe ikakaa kwenye SSD. Nilipotoa ile kuukuu nikaondoka na ufunguo. Nauli ya Pangani niliilipa mimi, na mitihani ilichelewa siku nzima. Lile neno "fundi" lilikuwa zito mdomoni mwa yule mama siku ile.

Kwa hiyo: toa kedi, toa diski ya nje ya USB, toa hata kadi ya kumbukumbu. Ibaki diski mpya na fleshi ya Windows tu. Ukimaliza, washa mara mbili ikiwa imefungwa kama itakavyotumika, ndipo umpe mwenyewe.

6. Piga Windows. Patisheni zikionekana kwenye diski mpya zifute zote mpaka ibaki "Unallocated Space", bonyeza Next.

7. Ikijizima na kujiwasha mara ya kwanza, chomoa fleshi. Usipochomoa, huenda ikaanza upya tokea mwanzo.

MASWALI

Mdau wa Makorora: Mkuu yangu haiwaki nisaidie haraka

Fundi: Haiwaki kabisa au inawaka na kuandika kitu? Inaandika nini? Modeli gani? Bila hayo sina cha kukusaidia.

Kijana wa Chumbageni: Nimefuata kila kitu bado No bootable. Somo lako halifanyi kazi.

Fundi: Diski ya zamani iko wapi sasa hivi?

Kijana wa Chumbageni: Niliiacha kwenye kedi wakati napiga Windows, sasa nimeitoa. Kwani inahusu?

Fundi: Hatua ya 5. Nimeiandika kwa herufi kubwa. Jibu la swali la mwalimu hapa chini litakufaa na wewe.

Mwalimu, Muheza: Shikamoo fundi. Mtu akishafanya kosa hilo la Pangani, lazima apige Windows upya, au ile sehemu ya kuwashia inaweza kutengenezwa peke yake?

Fundi: Marahaba mwalimu, swali zuri sana. Inatengenezwa, na mafaili hayaguswi. Washa kwa fleshi ya Windows, ukifika ukurasa wa kwanza bonyeza Shift na F10. Andika diskpart, kisha list volume. Tafuta iliyo na Windows kwa kuangalia ukubwa na uishike herufi yake, kwa sababu ukiwa kwenye fleshi si lazima iwe C. Halafu select volume na namba yake, shrink desired=300, create partition efi size=260, format quick fs=fat32, assign letter=S, exit. Mwisho bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI, ukibadilisha C kama herufi ni nyingine. Chomoa fleshi, washa. Nakuomba sana, usiguse amri ya clean humo ndani. Hiyo inafuta diski nzima na haikuulizi.

Mwalimu, Muheza: Imewaka fundi! Ahsante sana.

Dada wa steshenari, Korogwe: Yangu inawaka vizuri, lakini ikikaa bila umeme usiku, asubuhi tarehe imerudi nyuma miaka na inasema haina diski. Nikiingia bayosi nikirudisha Legacy inawaka.

Fundi: Dada, jibu umeshalishika mwenyewe. Betri ndogo ya bodi imekwisha, kwa hiyo bayosi inasahau mpangilio na kurudi UEFI. Nyingi ni CR2032 ya volti 3, ila kwenye laptopu mara nyingi imevishwa plastiki na ina waya wenye plagi. Nenda nayo dukani ulinganishe plagi.

Mdau wa Makorora: Samahani mkuu. Ni Dell, Intel kizazi cha 11. Bayosi inaiona NVMe ila Windows ikifika kuchagua diski hakuna kitu.

Fundi: Sasa tunaelewana. Hiyo ni VMD ya Intel, kidhibiti cha diski ambacho Windows ya fleshi haikitambui bila draiva, yaani programu yake. Pakua draiva ya Intel RST ya modeli yako, ifungue uiweke kwenye fleshi, kisha bonyeza Load driver pale pale. Diski itatokea.

Kijana wa Chumbageni: Na ile ya zamani nitupe?

Fundi: Inalia tiki-tiki?

Kijana wa Chumbageni: Hailii, ni nzito tu kufungua.

Fundi: Inunulie kava ya USB, toa mafaili yako leo, ya muhimu kwanza. Ikianza kulia tiki-tiki chomoa na usiiwashe tena, kila ukiwasha kichwa kinaweza kuzidi kukwaruza sahani. Amri nilizompa mwalimu umezijaribu?

Kijana wa Chumbageni: Ndiyo naanza sasa. Volume yangu ya Windows inaonyesha herufi D.

Fundi: Basi kwenye bcdboot andika D:\Windows. Endelea, nipo.